Vumbi la kazini: lile linalong'aa kwenye jua silo linalofika ndani ya mapafu

Ukimtajia mtu wa Amu, yaani Lamu, habari ya hewa chafu anakuangalia hivi, manake mjini kwetu magari ni ya kuhesabu, mizigo inabebwa na punda na mikokoteni, bahari iko mbele na upepo haulali, sasa hiyo hewa chafu itoke wapi? Hata zile siku za kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, ule wa megawati 1,050 ambao leseni yake ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019, tulikuwa tunapinga moshi ambao bado haujaja, na ilikuwa haki kupinga, nasema hivo mpaka leo. Ila moshi na vumbi ambalo vijana wetu wanalivuta kila siku kazini, kwenye karakana za milango, kwa mafundi wa boti za faiba, kwenye machimbo ya mawe kule kisiwa cha Manda, kwa wachomeleaji vyuma, hilo hakuna anayeliandamania. Mtu anakohoa, anaambiwa ni upepo wa kaskazi, anakunywa tangawizi na asali, kesho anarudi kazini.

Sasa angalia hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja, wakasema mwaka 2016 watu karibu milioni 1.9 walikufa kwa sababu zinazotokana na kazi. Ajali za kazini, kuanguka, kuangukiwa, kukatwa na mashini, zilikuwa kama 360,000. Kuvuta vumbi, gesi na moshi kazini peke yake ni kama 450,000. Yaani hewa ya kazini inaua watu wengi kuliko ajali za kazini, lakini sisi fundi akianguka kwenye jukwaa la ujenzi mji mzima unajua, akifa kwa mapafu tunasema alikuwa na kifua tangu zamani.

Kitu kinachowachanganya watu ni kuona vumbi kama kitu kimoja, vumbi ni vumbi, ukishalizoea basi. Sivyo. Kuna maswali matatu ya kujiuliza kila mara: chembe zake ni ndogo kiasi gani, zimetoka kwenye kitu gani, na umezivuta nyingi kiasi gani kwa muda gani. Ukiyajua haya unaweza kuingia karakana yoyote na ukajua wapi pa kuogopa.

Nianze na ukubwa manake hapa ndo kwenye mzizi wa jambo. Unywele wa mtu unene wake ni kama maikroni 70, na maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Chembe kubwa kubwa, zile unazoziona zikielea jua likipenya dirishani, nyingi zinanaswa puani na kooni, unapiga chafya, unatema, zimetoka. Zikiwa chini ya maikroni 10 zinaanza kupita kooni na kushuka kwenye njia za hewa, huko nako kuna ute na vinyweleo vidogo vinavyozisukuma juu taratibu mpaka uzikohoe au uzimeze. Lakini zile za chini ya maikroni 4 hivi, ambazo jicho halizioni kabisa moja moja, zinafika mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya mwisho ambako hewa safi inaingia kwenye damu, na kule hakuna ute wala vinyweleo vya kusukuma kitu. Kuna seli walinzi tu zinazomeza uchafu, na kazi ikizidi zinashindwa. Zile ndogo zaidi ya hapo zinaweza kuvuka mpaka kwenye damu yenyewe, ndo sababu hewa chafu si ugonjwa wa kifua peke yake, inahusika na mshtuko wa moyo na kiharusi pia.

Na tofauti nyingine: chembe kubwa inaanguka chini haraka, ile ndogo inabaki hewani masaa. Kwa hivo fundi akizima mashini, akaona vumbi limetulia, akavua kitambaa puani ili anywe chai, ndo anavuta lile baya lenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye milango yetu, kwa sababu kila nikiongea na mafundi naambiwa maneno yale yale, mbona babu alichonga milango maisha yake yote na akafika uzeeni na pumzi zake. Ni kweli, na jibu lipo. Babu alichonga kwa patasi na nyundo, akapiga randa kwa mkono. Patasi inatoa vipande, randa inatoa maranda yale ya kujikunja, yanaanguka miguuni, yanafagiliwa, yanaenda kuwashia moto. Saa hizi kijana anashika mashini ya msasa, inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, inatoa unga laini kama poda, na karakana yenyewe ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe chenye mlango mmoja na kidirisha. Mti ni ule ule, kazi inaitwa jina lile lile, ila kinachoingia kifuani si kile alichovuta babu. Ukitaka kuona, siku moja pitisha kidole juu ya boriti ya dari kwenye karakana yoyote, huko juu ambako hakuna anayepafikia na msumeno. Ule unga uliolala kule ulipanda wenyewe kwa sababu ni mwepesi, na ulipokuwa unapanda ulipita mbele ya pua za watu.

Jambo la pili la babu ni hili: mafundi wazee tunaowaona leo ni wale waliobaki. Kijana aliyeanza kupata pumu mwaka wake wa pili kazini aliacha, akaenda kuvua au kuendesha boti, hayumo kwenye hesabu yetu. Ukiwaangalia waliobaki tu utasema kazi hii haina neno. Watafiti wa magonjwa ya kazini wanalijua hili na wanalihesabu, lakini sisi mtaani tunadanganyika nalo kila siku.

Vumbi la mbao lenyewe liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza mwaka 1995, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ilianza kugunduliwa kule High Wycombe, Uingereza, mji wa mafundi wa fanicha, madaktari miaka ya 1960 waliona saratani fulani ya ndani ya pua ambayo ni adimu sana inawapata wale mafundi kupita kiasi. Nisikutie hofu ya bure, saratani hiyo ni adimu hata kwa mafundi. Kinachowapata wengi ni pua kuziba, macho kuwasha, ngozi kuchubuka na pumu, na baadhi ya miti ni mibaya zaidi kwa hilo, mvule unajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Muungano wa Ulaya umeweka kiwango cha vumbi la mbao ngumu kisizidi miligramu 2 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa shifti ya masaa nane. Miligramu mbili ni kidogo mno, ni punje chache za sukari zimesagwa zikatawanywa kwenye hewa inayojaza tangi la maji la lita elfu moja. Chumba cha msasa kisichokuwa na kinyonyeo kinapita hapo bila shida.

Pumu ya kazini ina dalili yake ambayo mtu yeyote anaweza kuichunguza mwenyewe bila mashini: inapoa ukiwa mbali na kazi. Wiki ya Maulidi karakana zikifungwa, unalala vizuri, hukohoi usiku, alafu ukirudi kazini siku mbili tatu kifua kinabana tena. Hiyo sio homa ya mafua wala sio kaskazi. Na pumu hii ukiiwahi mapema ukaondoka kwenye kile kitu kinachokuchokoza unaweza kupona au kupata nafuu kubwa, ukiivumilia miaka inakuwa yako ya kudumu hata ukiacha kazi.

Tuje kwenye mawe, na hapa kuna kuchanganyikiwa kwingine. Jiwe letu la Manda ni matumbawe, sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, na vumbi lake linawasha na kuziba kifua kwa wanaolikata siku nzima, lakini halina sana ile silika ya fuwele ambayo ndo muuaji mkubwa wa wakata mawe duniani. Silika iko kwenye mchanga, kwenye zege, kwenye matofali ya kuchoma, kwenye granaiti na kwenye vigae. Kwa hivo kijana anayepasua matumbawe nje kwenye upepo anaweza kuwa na hatari ndogo kuliko mwenzake anayekata vigae vya bafu la hoteli kwa grenda ndani ya chumba kilichofungwa, ingawa yule wa kwanza ndo anaonekana mweupe kutwa nzima kama aliyemwagiwa unga.

Silika inafanya hivi: chembe inafika kwenye vifuko, seli mlinzi inaimeza, chembe inaiua ile seli, inatoka, inamezwa na nyingine, inaiua, na kila mara panabaki kovu. Makovu yanaongezeka, pafu linakuwa gumu, na hakuna dawa ya kuyafuta, tena yanaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Marekani mwaka 2016 walishusha kiwango mpaka maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, na ukilinganisha na zile miligramu 2 za mbao hiyo ni mara 40 pungufu, ujue ukali wake. Alafu silika na TB ni marafiki. Mtu mwenye mapafu yaliyoumizwa na silika anapata TB kirahisi zaidi, na kwenye picha ya eksirei magonjwa haya mawili yanafanana, kwa hivo kuna watu wanapewa dawa za TB mara ya kwanza, mara ya pili, hawaponi sawasawa, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanafanya kazi gani.

Wanaochoma chokaa wana mambo mawili kwa pamoja. Moshi wa kuni za tanuri una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, na ni gesi hiyo hiyo inayotoka kwenye jenereta ukiiwasha ndani ya stoo, hiyo inaua usiku mmoja haisubiri miaka. Alafu chokaa mbichi ikishatoka ikigusa unyevu inachoma, na machoni na puani kuna unyevu.

Kwa wachomeleaji vyuma kuna jambo ambalo natamani kila zahanati ya pwani ilijue. Fundi akichomelea bomba au mabati yaliyopakwa zinki, ule moshi mweupe akiuvuta, masaa machache baadaye, mara nyingi jioni au usiku, anapata homa, baridi, mwili kuuma, mdomo una ladha ya chuma. Sisi hapa mtu akitetemeka jioni tunasema malaria, ananunua dawa, kesho kutwa amepoa, anasema dawa imefanya kazi. Homa hiyo inaondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Na ina tabia ya ajabu, mwili unaizoea ukichomelea mfululizo, ukipumzika siku mbili ukarudi inakupiga tena, ndo maana kwengine inaitwa homa ya Jumatatu. Kama kila ukirudi kazini baada ya mapumziko unapata malaria, pima damu kwanza kabla ya kumeza chochote. Homa yenyewe haiachi kovu kubwa, lakini moshi wa kuchomelea kwa ujumla IARC waliuweka kundi la kwanza la saratani mwaka 2017, na ndani yake kuna manganizi ambayo ikijaa miaka mingi inaingia kwenye mishipa ya fahamu, mtu anatetemeka mikono na anatembea pole pole kama mzee.

Faiba nayo nitaipitia haraka. Ile harufu kali ya rezini ni stairini, inalevya, inaumiza kichwa, na kwa muda mrefu inagusa mishipa ya fahamu. Rangi za kupuliza zile za kuchanganya makopo mawili nyingi zina aisosaineti, moja ya visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani, na maski ya kitambaa haizuii mvuke wake hata kidogo. Moshi wa dizeli nao ni kundi la kwanza la saratani tangu 2012.

Risasi, ile metali ya kwenye betri si ya bunduki, sitaipita haraka kwa sababu inafika mpaka kwa watoto. Kuna watu wanayeyusha risasi ya betri kuukuu wapate chubwi za nyavu, wanafanya uani, kwenye jiko la mkaa, watoto wakicheza pembeni. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na moto ukizidi ndo mvuke unaongezeka, unaanguka kwenye udongo, mtoto anashika udongo anatia mkono mdomoni. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Tumeona Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliumiza kijiji kizima, na Julai 2020 mahakama ikaamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda, lakini jiko la uani linafanya kazi ile ile kwa kiasi chake. Chubwi nunua iliyokwisha kutengenezwa, au tumia jiwe.

Sasa kinga. Maziwa hayasafishi kifua, naomba hili lisikike, mwenye kazi anayekuletea pakiti ya maziwa kila siku badala ya maski anakupa chakula, na chakula kinakwenda tumboni, mapafu yana njia yake nyengine. Leso na kilemba vinazuia lile vumbi kubwa unaloliona na kupitisha lile dogo. Maski ya daktari ile ya bluu ni hivo hivo, hewa inapita pembeni. Inayofaa kwa vumbi ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2 kwenda juu, na inafanya kazi ikibana uso tu. Ndugu zetu wenye ndevu, na ndevu ni sunna hakuna anayewaambia wanyoe, hiyo maski kwao inavuja, kwa hivo wao hasa wanahitaji njia nyengine za kupunguza vumbi lenyewe lisitoke.

Na njia hizo ndo bora kwa wote, manake maski ni ya mwisho. Maji kwanza: kigae kikikatwa huku kinamiminiwa maji, vumbi linakuwa tope, linaanguka chini (umeme na maji muangalie, mashini iwe ya kazi hiyo). Upepo wa pili, na sisi tuna bahati, upepo wetu tunaujua kwa majina. Kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa kusi inavuma kutoka kusini, msimu wa kaskazi unageuka. Meza ya msasa itolewe nje, na ihame na msimu, fundi asimame upepo ukimtoka nyuma ya bega au ubavuni, vumbi liende mbele, na pasiwe na madrasa wala nyumba ya mtu huko linakokwenda. Nahodha hawezi kutia tanga bila kuuliza upepo uko wapi, na fundi aulize. Usifagie kavu, nyunyiza maji kwanza. Usijipulize nguo kwa kompresa, unajitengenezea wingu zima la zile chembe ndogo. Na nguo za kazi zibaki kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, hapa ni kweli kabisa: wanawake wamepata magonjwa ya asbestosi, yale madini ya nyuzi nyuzi, bila kukanyaga kiwandani, kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao.

Sigara na vumbi ukiviweka pamoja hatari inakuwa kubwa kuliko ya kila kimoja peke yake, kwa asbestosi imeonekana wazi, hatari zinakaribia kuzidishana. Anayevuta sigara na kufanya kazi ya vumbi akiweza kuacha kimoja aanze na sigara.

Sheria ipo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali popote mtu anapofanya kazi, hata kibarua wa muda, na vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, na wengi wanadhani ni ya waliokatika vidole tu, la, magonjwa yanayotokana na kazi yamo. Shida ni ushahidi. Ugonjwa wa mapafu unakuja miaka 10, 20, wengine wa asbestosi 30 na zaidi baada ya kuvuta, na wakati huo mkandarasi kaondoka, karatasi hakuna, kibarua alilipwa mkononi. Kwa hivo anza kujiwekea mwenyewe, daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, kwa nani, kazi gani, mashini gani, ndani au nje, mlikuwa na maski au la, na wale mliofanya nao kazi. Ukipigwa picha ya kifua omba nakala uihifadhi.

Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwaambia madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: kazi yako ni ipi? Mpaka leo kwenye foleni ndefu za hospitali zetu swali hilo linarukwa, na simlaumu daktari mwenye wagonjwa themanini mlangoni. Basi usisubiri uulizwe. Ukikaa tu kwenye kiti sema, daktari, mimi ni fundi wa msasa miaka sita, nakata vigae, nachomelea zinki, kikohozi kinapoa nikipumzika kinarudi nikirudi kazini. Alafu omba kipimo cha kupuliza, spairometri, na kama pale hakipo uliza hospitali gani wanacho, kipimo hicho kinaonyesha pumzi imepungua kabla wewe mwenyewe hujaanza kuhema kwenye ngazi. Kifanye mapema ukiwa bado mzima, uwe na namba ya kulinganishia miaka ijayo.